Kabla Hujamnyooshea Jirani Kidole



Mara nyingi napokea ombi hili: "Pasta, niombee. Usiku silali. Kuna mtu ananisumbua." Kuomba nitaomba. Lakini kwanza nijibu maswali matatu.

Moja: ukizima taa, unazima na simu? Mungu ameweka kwenye ubongo tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo melatonini. Giza likiingia inatoka, na mwili unajua usiku umefika. Mwanga wa simu machoni unaizuia. Hapa Ekerenyo tuko karibu na ikweta. Mungu anatupa karibu saa 12 za giza kila siku ya mwaka. Usizifukuze kwa video.

Mbili: jioni unakunywa nini? Majani chai tunayochuma yana kafeini. Kikombe cha saa mbili usiku huenda bado kinafanya kazi saa saba. Kunywa maziwa moto. Kula mapema, na usikose maharagwe, mayai, njugu au ndizi. Vina kirutubisho ambacho mwili hutumia kutengeneza melatonini.

Tatu: unaamka saa ngapi? Amka saa ile ile kila siku, utoke nje upate jua la asubuhi. Mzee wangu, umri ukisonga homoni hii hupungua, kwa hivyo usiogope usingizi ukiwa mwepesi.

Vidonge vya melatonini vipo, ila usimeze kabla ya kumwona daktari, hasa kama una mimba au unatumia dawa za presha.

Mbona Pasta anahubiri usingizi? Kwa sababu Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, akina nyanya wanne waliuawa kwa moto wakishukiwa uchawi. Shutuma kama hizo huanza na neno dogo: "Kuna mtu ananisumbua."

Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, Mungu alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena. Soma 1 Wafalme 19. Malaika hakumletea jina la mchawi, alimletea chakula.

Leo saa tatu usiku weka simu chumba kingine, omba na familia yako, ulale. Wiki kadhaa zikipita bado hulali, nenda hospitali, nami nitaendelea kukuombea.

Andika Amina, kisha uweke simu chini. Ubarikiwe.