Watu wa Ng'ambo

Sisi wa Bweni, watu wa Pangani mjini walituita watu wa ng'ambo. Nasi tukawaita wao vivyo hivyo. Wilaya moja, mto katikati, na kila mtu wa ng'ambo kwa mwenzake. Ila boma, hospitali na soko vilikuwa kwao, kaskazini. Kwetu kusini ilikuwa minazi, mkonge, na barabara ya mchanga iendayo Mwera, Kipumbwi hadi Mkwaja.

Nilipokuwa sekondari, kila alfajiri tulishuka gatini viatu mkononi. Pantoni ikiwa nzima tulivuka na malori. Ikiharibika, na haikuwa nadra kuharibika, tuliingia mtumbwini. Maji ya bamvua yakipwa, mto ulikimbia kama ulioitwa. Mpiga kasia alielekeza omo juu kabisa, utadhani anakwenda Korogwe, ili aje atue Pangani. Siku moja ya mtihani tulifika saa nzima baadaye, tumelowa hadi kiunoni.

Darasani tulipata siku yetu ya kutamba. Mwaka 1893, tulifundishwa, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. 62 tu ndiyo iliyosalimika, ikapandwa Kikogwe. Kikogwe ni ng'ambo yetu! Tuligeuka kuwatazama wa mjini kana kwamba tuliipanda sisi. Bushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa pwani, alikuwa amenyongwa na Wajerumani hapo Pangani Desemba 1889. Miaka minne tu kati ya kitanzi na zao la kutengenezea kamba.

Nilipomsimulia bibi, alicheka. "Mjukuu wangu, huo mkonge mwausoma? Sisi tuliusikia." Alikusudia korona, mashine ya kuchakata mkonge, ambayo kelele zake ziliwaamsha kabla ya jogoo, na manamba, vibarua wa mkonge waliotoka mbali, wengine wasirudi kwao tena. Katika miaka ya 1960 nchi ilivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha ikaja nailoni, bei ikaporomoka. Mimi nilikuta mashamba mengi yamegeuka vichaka.

Mto nao haukukaa ulivyokuwa. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, na njiani kila mtu ana haja nayo: bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale, mifereji ya wakulima. Yakipungua yanayotufikia, bahari hupanda kuchukua nafasi. Bibi alijua kwa ulimi. Alichota, akaonja, akamwaga.

Huko baharini, kisiwa cha Maziwe kilikuwa na mivinje, na wavuvi walipumzika kivulini. Kilifanywa hifadhi mwaka 1975. Haikupita miaka mingi, miti yote ikawa imekwenda na maji. Sasa ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa, na mayai ya kasa huhamishiwa Ushongo yasije yakafunikwa.

Nilipokwenda mara ya mwisho, nguzo za daraja zilikuwa zimesimama mtoni. Daraja lenyewe ni la mita 525, katika barabara ya kutoka Tanga kwenda Bagamoyo. Pantoni ilikuwa imejaa, nikaita mtumbwi. Kijana wa kasia hakuzitazama hata mara moja zile nguzo.

"Shikamoo, mzee. Wa ng'ambo ipi wewe?"

Nikamwambia Bweni. Akanipunguzia nauli. Nikavua viatu.