Kati ya Ukuta na Mzazi

Neno "tayari" nimejifunza kulishuku. Mimi huandika kwa vibarua, na kimoja kilikuwa cha kuandika maneno ya mfumo wa kulipia karo ya shule: maandishi ya kwenye vitufe na ujumbe ambao mzazi anauona malipo yakikataa. Mkataba ulisema nitalipwa maneno yangu yakiwafikia wazazi. Kukubaliwa tu hakukutosha.

Timu yenyewe ilifuata ajaili. Kila asubuhi walisimama dakika kumi na tano, kila mtu akasema alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomkwamisha. Kila wiki mbili walifunga awamu moja ya kazi. Ukutani, vikaratasi vya rangi vilihama kutoka "inafanywa" hadi "tayari." Changu kilifika "tayari" mapema sana. Pesa nazo? Wapi!

Kumbe kati ya ule ukuta na simu ya mzazi alisimama mtu mmoja, fundi wa seva. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, usiku, alipakia kila kitu kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, akifuata orodha iliyokuwa kichwani mwake. Kikao cha asubuhi hakuwa anaitwa. Kazi ya mwezi mzima ya watu saba ilimwangukia usiku mmoja, na ikiharibika, ni yeye aliyeamshwa.

Sidhani hilo ndilo walilotaka wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Februari 2001 na kuandika tamko la ajaili. Walisema kipimo kikuu cha maendeleo ni programu inayofanya kazi, na kwamba imfikie mteja mara kwa mara. Vikao tuliviiga upesi kwa sababu kusimama ni bure. Barabara ya kumfikia mteja ndiyo ilichelewa. Mwaka 2009, John Allspaw na Paul Hammond wa Flickr walieleza jinsi walivyopeleka mabadiliko hewani zaidi ya mara kumi kwa siku, waandishi wa programu na watu wa seva wakiwa kitu kimoja. Mwaka huohuo Patrick Debois aliitisha mkutano mjini Ghent, Ubelgiji, na jina DevOps likazaliwa. Wazo si gumu: kila badiliko dogo likiingia, mashine inalipima, inalijenga, inalipeleka. Likifeli, linasimama hapohapo na kila mtu anaona.

Ukitaka kujua bei ya kukosa hayo, soma habari za Knight Capital, kampuni ya hisa ya Marekani. Mwaka 2012 programu mpya ilipakiwa kwa mkono kwenye seva saba. Ya nane ikasahaulika. Tarehe 1 Agosti, kwa dakika kama 45 hivi, zilipotea zaidi ya dola milioni 440. Lakini kinachonikaa rohoni ni kingine. Kabla soko halijafunguliwa, mfumo wao ulikuwa umetuma barua pepe 97 zinazotaja hitilafu, na hakuna aliyezishughulikia. Yaani mkono ulikosa mashine, halafu mashine ikakosa sikio.

Kwetu, mambo yalibadilika siku fundi alipoitwa kikaoni. Hakufurahi. Alisema, "Sasa mkishaifunza hiyo mashine kazi yangu, mimi nitakula wapi?" Watu walikaa kimya. Sitasema hofu yake ilikuwa ya bure. Mimi pia naishi kwa kibarua, najua. Ila walikaa naye wiki nyingi wakihamisha ile orodha kutoka kichwani mwake, hatua kwa hatua, hadi mashine ikaweza kuifuata. Na yeye ndiye aliyeamua nini kipimwe kabla ya kitu kutoka, kwa sababu ni yeye tu aliyejua kila mahali palipowahi kuvunjika. Wakakubaliana pia: taa ikiwa nyekundu, kila mtu anaacha kazi yake, si fundi peke yake.

Maneno yangu yalitoka Jumanne, saa sita mchana, jua likiwaka. Hakuna aliyekesha.

Siku hizi nikipewa mkataba, kabla hata ya kuuliza bei, nauliza: nani anabeba kazi kutoka hapa hadi kwa mteja, na asubuhi huwa mnamwita?