Kitabu cha Muhula Ujao

Jumamosi ya mwisho wa muhula, darasa la Kiswahili la watu wazima huko Riruta lilikuwa na shughuli moja tu: kuchagua kitabu cha kusomwa pamoja muhula ujao. Ukumbi ulikuwa wa kuazima, na wanafunzi wa kila namna: mama mboga, fundi cherehani, mlinzi wa usiku, mwendeshaji wa bodaboda. Baadhi yao walitembea kwa miguu kutoka Kawangware.

Mwalimu alikuja ameshaamua. Alinuia wasome Siku Njema ya Ken Walibora, riwaya ya 1996 inayomfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale akimsaka babaye. Lugha yake ni tamu, na haielekei kumkera yeyote. Sababu hii ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito moyoni mwake, ingawa hakuitamka.

Ndipo mama mboga alipotoa mkobani nakala kuukuu ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Bintiye aliisoma ilipokuwa ikitahiniwa katika kidato cha nne, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi.

"Mwalimu, tusome hiki."

Ukumbi ulinyamaa. Riwaya hiyo huanza na daktari Ridhaa kwenye magofu ya nyumba iliyoteketea na jamaa zake katika ghasia za baada ya uchaguzi. Kila aliyekuwapo aliikumbuka miezi ile ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Isitoshe, Oktoba 2017 ghasia zilizuka tena papo hapo Kawangware. Nao walioketi bega kwa bega ukumbini hawakuwa wote wa upande mmoja.

"Mama, sisi tumekuja kujifunza lugha," akasema fundi cherehani. "Donda lililofunga halitoneshwi."

"Langu halijafunga, mzee wangu. Kibanda changu kiliteketea. Binti yangu alipokisoma kitabu hiki aliniuliza yaliyonipata, nikakosa maneno. Kiswahili cha kuuzia sukuma ninacho. Cha kumweleza mwanangu ndicho nilichokuja kutafuta hapa."

Wateuzi wa vitabu hupima maudhui, ugumu wa lugha na umri wa msomaji. Mwalimu alikuwa amepima hayo yote, akaongeza na hofu yake mwenyewe, akaiita busara. Hakuwa amewauliza wanafunzi wake walitaka kuitumia lugha hiyo kumwambia nani jambo gani.

Fundi aliinamisha kichwa kwa kitambo. Hatimaye akanena, "Basi kisomwe. Ila mimi nisiambiwe nisome kwa sauti. Nitasikiliza."

Hakuna aliyemuuliza sababu. Mwalimu aliirudisha Siku Njema mfukoni, akachukua chaki na kuandika ubaoni jina la kitabu. Chini yake akaongeza: sura moja kwa wiki, bila haraka.