Manga ya Milimani na Soko la Jioni la Kisii

Sisi watu wa pwani tulisikiapo neno Manga, fikra zetu huvuka bahari. Manga kwetu ni Bara Arabu, huko walikotoka Wamanga na majahazi yao wakati wa kaskazi. Ndipo tukawa na pilipili manga, komamanga na njiwa manga. Lakini iko Manga nyengine humu humu nchini Kenya, isiyo na bahari wala jahazi. Ni safu ya mlima iliyoinuka kama ukuta, katika kaunti ya Nyamira, ikiuangalia kwa juu mji wa Kisii. Sidai kwamba majina haya mawili yana nasaba moja. Nimelitaja hili kwa sababu jina ndilo lililonivuta, nilipoalikwa kwenye nikahi mjini Kisii, nibakie siku mbili baada ya shughuli nizitembelee sehemu hizo na masoko yake.

Kutoka Nairobi hadi Kisii kwa njia ya Narok ni yapata kilomita 300. Mji umekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Lamu asiende bila sweta wala shuka nzito. Mvua hupenda kunyesha baada ya adhuhuri, na ikishuka hushuka kweli. Ardhi ni ya rutuba, na kila kipande kimelimwa: migomba, chai, mahindi, miwa na miparachichi. Watu nao ni wengi. Katika hesabu ya mwaka 2019, kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Mashamba yamegawanywa baina ya ndugu mpaka yamekuwa vishamba, na mwenye kishamba hana budi kukitegemea kila mkungu anaoukata.

Wenyeji wa nchi hii hujiita Abagusii, na lugha yao ni Ekegusii. Waislamu miongoni mwao si wengi, lakini mgeni hatajiona mpweke. Msikiti upo mjini, na adhana yasikika. Wapo Wanubi, ambao wazee wao walifika na jeshi la Waingereza wakafanya maskani hapo, na wapo wafanyabiashara wa Kisomali. Kwa sababu hiyo mgeni haoni taabu ya kupata nyama ya halali. Mwenye kufunga akumbuke tu kwamba jua la huko huzama yapata dakika 20 baada ya jua la Mombasa. Asifuturu kwa adhana ya simu iliyowekwa kwa saa za nyumbani.

Soko kubwa la Kisii laitwa Daraja Mbili. Siku ya soko watu hujaa mpaka kandokando ya barabara. Ndizi mbichi zimelazwa chini, mikungu kwa mikungu. Parachichi zimepangwa mafungu. Ziko mboga ambazo sisi pia twazijua kwa majina mengine: chinsaga, ambayo kwetu ni mgagani, na rinagu, ambayo kwetu ni mnavu. Dagaa wakavu waletwa kutoka Ziwa Viktoria, nao huitwa omena. Upo wimbi wa kusaga kwa uji na ugali, ziko nguo za mitumba, na kuna waliotandaza vibakuli na vinyago vya mawe laini. Vitu hivyo vya mawe tuvionavyo katika maduka ya watalii Mombasa na Malindi, chimbuko lake ni Tabaka, papo hapo katika kaunti ya Kisii. Wanaume huyachimba na kuyachonga, na wanawake wengi hushika kazi ya kuyasugua kwa msasa na maji mpaka yakang'aa.

Nafaka haziuzwi kwa mizani bali kwa gorogoro, yaani mkebe wa bati unaochukua kiasi cha kilo mbili. Wazee wetu walikuwa na kibaba na pishi, na vibaba vinne vikifanya pishi moja. Gorogoro ndiyo pishi ya bara. Muuzaji huujaza mkebe mpaka nafaka ikafanya kichuguu juu yake, kisha mnunuzi hungoja gao la nyongeza. Lakini mkebe huo huo, ukibonyezwa kitako kikaingia ndani, hupunguza kipimo na jicho lisione. Nilimwona mama mmoja akiugeuza mkebe wa muuzaji na kuupapasa kitako kabla ya kununua maharagwe. Hakusema neno, na muuzaji hakukasirika. Kila aliyeisoma Suratul Mutaffifin chuoni ajua kwa nini macho yangu yalivutwa na jambo lile.

Sasa niwaelezeni la lugha, maana lilinichekesha kwanza, kisha likanifundisha. Katika Ekegusii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Mtoto aliyepotezana na mamake katika msongamano hulia, "Baba! Baba!" na wanawake ndio wanaogeuka. Nilipomwita muuzaji mmoja wa ndizi, mtu mzima wa rika langu, "mama," jirani yake akaniambia kwa Kiswahili safi, "Huyu ni baba, mzee. Hapa baba zetu ndio wanaouza." Tukacheka sote. Hata hivyo maneno yale yalikuwa na ukweli wa ndani, kwani wengi waliokaa nyuma ya mafungu ni wanawake. Karo za skuli, dawa na mafuta ya taa ya nyumba nyingi hutoka katika mafungu yale.

Jioni soko hugeuka. Kuanzia saa kumi na moja watu hutoka makazini, na baadhi ya wauzaji husogea karibu na vituo vya matatu ili wakutane na wapita njia. Baada ya Magharibi taa huwashwa. Wengine wana taa ndogo za sola, wengine koroboi, na wengine hutegemea mwanga wa duka lililo nyuma yao. Moshi wa mahindi ya kuchoma huchanganyika na harufu ya udongo uliorowa. Vijana wa boda boda hupiga honi katikati ya watu. Aliyewahi kutembea Forodhani kule Unguja usiku atadhani kuna mfano, lakini tafauti ni kubwa. Forodhani mtu huenda kula na kupunga upepo. Soko la jioni la Kisii ni la kumaliza bidhaa, na kila dakika inayopita yaipunguzia bidhaa thamani.

Yule mama wa ndizi alikuwa na parachichi pia. Alasiri fungu lake lilikuwa la parachichi tano. Ilipofika Isha, kwa bei ile ile, fungu lilikuwa na nane. Akaja bwana mmoja aliyevaa vizuri, akayashikashika yote, akataka kumi na mbili. Alipokataliwa akasimama kando akingoja, maana alijua mama hana pa kuyalaza. Nikamuuliza yule mama kwa nini hauzi mapema akaenda zake. Akaniambia kwamba yeye atoka Manga, na ndizi zile ni za shamba lake na la shemeji yake. Kisha akasema, "Tata, nikiuza barabarani asubuhi, nauza kwa bei ya mtu. Nikikaa hapa mpaka usiku, nauza kwa bei yangu." Nikamwomba anieleze bei ya mtu ni ipi. Akasema, "Amka mapema upande Manga, utaiona."

Nikafanya hivyo. Baada ya sala ya Alfajiri nikapanda gari la kwenda juu. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, na taa za mji zilionekana chini kama makaa yanayozimika. Kulipopambazuka, hewa ikawa safi hata jicho likasafiri mbali upande wa Ziwa. Ni mandhari ya kumfanya mtu aseme Subhanallah. Lakini barabarani kazi ilikuwa imekwisha anza. Wanawake walikuwa wakitoka katika vichochoro vya migomba, wengine na mikungu kichwani, wengine wakisukuma mikokoteni. Kwenye njia panda walisimama vijana wenye pikapu na boda boda. Hao ni madalali. Huutazama mkungu kwa jicho, hutaja bei, hulipa taslimu au kwa M-Pesa, na mkungu ukapandishwa. Hakuna mizani, na mwenye ndizi hajui siku hiyo soko la mjini lasemaje, wala bei ya Nairobi. Anayejua ni yule aliyekuja kumlaki.

Wanafunzi wa fiqhi watakuwa wamekwisha kunitangulia. Jambo hili lina jina, nalo ni talaqi rukbani, yaani kuilaki misafara njiani kabla haijafika sokoni. Mtume wetu (s.a.w.) alilikataza. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wakaeleza kwamba mauzo yenyewe hayabatiliki, lakini muuzaji akifika sokoni na kujua kwamba amepunjwa, ana hiari ya kuvunja. Mimi nililisoma hilo nikiwa kijana, juu ya mkeka, nikapiga picha ya ngamia na jangwa. Sikupata kuliona kwa macho mpaka nilipolikuta kwenye njia panda ya Manga, likiwa na pikapu na mikungu ya ndizi.

Insafu yataka tuseme na upande wa pili. Dalali ana gari, na mkulima hana. Dalali hulipa papo hapo, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo hangoji. Mvua ikiharibu njia, hasara ni yake. Si kila dalali ni mwizi, na wapo waliolelewa na mikungu hiyo hiyo. Kosa haliko katika kununua njiani, bali katika kuuficha ukweli wa bei ili kumnyonya asiyeujua. Dawa yake si ya miujiza. Mwenye ndizi aweza kumpigia simu jamaa aliye sokoni akaijua bei kabla ya kushuka. Wanawake watano wenye mikungu minne minne waweza kuchangia pikapu moja hadi Daraja Mbili. Na kama ingekuwako mizani kwenye njia panda, jicho la dalali lisingekuwa hakimu peke yake.

Sasa turudi kwa yule mama na fungu lake la usiku. Yeye ameikimbia bei ya njia panda. Amelipa nauli ya kushuka, amelipa ushuru wa soko, na amekaa chini kutwa. Nauli ya kurudi mlimani usiku ni kubwa zaidi kuliko ya mchana. Mnunuzi anayesimama pembeni akingojea giza limlazimishe muuzaji humfanyia lile lile alilolikimbia asubuhi. Dalali alijua kwamba mama haijui bei. Mnunuzi wa usiku ajua kwamba mama hana pa kulala. Wote wawili wameishika dhiki ya mtu wakaitumia kama mizani.

Haya nayasema kwa sababu sisi pia tuna masoko. Mama zetu na dada zetu huenda Kongowea, Marikiti na kwenye meza za mitaani baada ya Alasiri. Wengi hungoja jioni makusudi, kwani bei hushuka, na bajeti ya nyumba ni amana iliyo mikononi mwao. Kupatana bei ni halali, na mke mwenye kujua kupatana ni neema kwa mumewe na watoto wake. Lakini uko mpaka baina ya kupatana na kukamua. Muuzaji anayeongeza parachichi tatu kwa hiari yake kwa sababu jua limetua, hilo ni fungu letu, tulipokee kwa shukrani. Tukimwona anatazama gari la mwisho, kisha tukaivuta bei chini zaidi kwa sababu hiyo, tujiulize kama twanunua parachichi au twanunua unyonge wake. Na waume pia wasimhesabie mke kila senti, wakamfanya aone haya kurudi bila kumkamua mtu.

Wala tusiharakishe kumhukumu mwanamke tumwonaye sokoni usiku. Bibi yetu Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, na mali yake ilisafiri na misafara. Mwenye kukaa mbele ya koroboi mpaka saa tatu za usiku huenda akawa anafanya hivyo ili asimwendee mtu kwa kuomba.

Atakayejaaliwa kwenda Kisii, basi apande Manga mapema kabla mawingu hayajafunga, kisha ashuke Daraja Mbili siku ya soko. Avae viatu vya tope. Achukue sarafu na noti ndogo ndogo, maana chenji ya usiku ni tabu. Asipige picha za watu bila ruhusa. Na akiulizwa hali, ajibu "Mbuya mono," yaani njema sana, ataona nyuso zikikunjuka. Lakini kabla hajanunua kitu jioni, amuulize muuzaji atoka wapi na atarudi vipi. Jawabu lake litamwongoza katika bei kuliko maneno ya msemaji yeyote.

Mwenyezi Mungu azibariki chumo zetu, na atupe moyo wa insafu katika kuuza na kununua. Wabillahi tawfiq.