Pemba ya Kariakoo

Ashukaye boti ya Unguja akafika Kariakoo, lafudhi ya Kipemba humlaki mapema: katika maduka ya vitambaa, katika safu za swala ya Adhuhuri Msikiti wa Mtoro, hata mtaa mmoja huitwa Pemba. Watu hawa huijenga Pemba kwa fedha. Kwa kura ni vigumu, kwani sheria ya Zanzibar humtaka mpiga kura awe ameishi jimboni miezi 36 mfululizo. Oktoba 25, 2015 ndugu zao walichagua Wawakilishi wa majimbo 54. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akafuta yote. Marudio yakawa Machi 20, 2016. Mzee mmoja aliyeyafuatilia redioni aliniambia, huku akipima kitambaa: “Mwanangu, jimboni kwetu nakijua kila kisima. Daftari la kura ndilo lisilonijua.”