Kutoka Kimuli Hadi Wandegeya

Mtu wa Dar es Salaam akisikia jina Kimuli huuliza kama ni Tanzania au Uganda. Swali lenyewe halinikeri. Kutoka kwetu Kyerwa hadi Dar ni siku mbili za basi na mgongo unauma. Kampala unatoka alfajiri ukafika jioni. Hata hivyo nilikuwa nimeshafika Mwanza, Dodoma na Dar kabla sijavuka Mto Kagera hata mara moja, maana barua za kazi, rufaa za hospitali na kesi za mashamba zote huelekea upande huo. Kilichonivusha mto ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Makerere.

Dada alinikabidhi maharage, karanga, kahawa ya robusta iliyokaangwa na kutwangwa nyumbani, pamoja na swali. Kila alipompigia binti yake simu na kumuuliza amekula nini, jibu lilikuwa lilelile: rolex. Dada alijua Rolex ni saa ya matajiri. Alipoelezwa kwamba ni chapati iliyoviringishiwa mayai ndipo wasiwasi ulipoongezeka, kwa sababu kwetu chapati ni ya Krismasi na ya wageni, si chakula cha kumweka mtu mwaka mzima. Karagwe na Kyerwa, aliyelala bila ndizi amelala njaa hata kama ameshiba. "Kaangalie kwa macho yako," aliniambia, "na uwaulize wenzake, maana yeye atanificha."

Pikipiki ilinifikisha Nkwenda, na mchomoko, gari dogo la abiria lililobeba watu wawili kwa kila kiti, ukanimalizia hadi Murongo. Pale mto ndio mpaka. Ng'ambo ni Kikagati, na juu ya maji hayohayo kuna mtambo wa umeme wa megawati 14 ulioanza kazi mwaka 2022, umeme wake ukigawanywa kwa nchi zote mbili. Nilisimama kidogo darajani kuutazama mpaka nikakumbushwa kwamba darajani hapasimamwi. Afisa wa upande wa pili alifungua mzigo, akanusa kahawa, akauliza kwa Kiingereza naenda kwa nani. Nilijibu kwa Kiswahili, akakunja uso. Nilipogeukia Kinyambo alicheka, akaanza kuniuliza habari za mvua. Kinyambo na Kinyankole vinasikilizana vizuri mno, na tangu hapo hadi Mbarara sikuhitaji lugha nyingine.

Upande wetu nilikuwa nimekula vumbi. Upande wao lami inaanzia mpakani na kwenda hadi Mbarara. Baada ya hapo ni basi kubwa, ng'ombe wa Kinyankole wenye pembe ndefu kulia na kushoto, kisha Masaka. Lukaya basi halijasimama sawasawa wachuuzi tayari wako madirishani na mishikaki na gonja, yaani ndizi tamu zilizochomwa. Nilinunua gonja, na hiyo ndiyo ndizi ya mwisho niliyoila kwa amani katika safari ile. Kayabwe tukavuka mstari wa ikweta, abiria wengi wakiwa wamelala.

Njia ya kutoka Karagwe kwenda Buganda si mpya. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliipita mwanzoni mwa mwaka 1862, baada ya kukaa Karagwe kwa Mukama Rumanyika kama mgeni. Mwenzake James Grant alibaki nyuma kwa sababu ya mguu uliokuwa na kidonda kibaya. Speke alitumia zaidi ya mwezi mmoja kufika kwa Kabaka Mutesa. Sisi tulicheleweshwa na tairi tu.

Mpwa wangu alinipokea kwa "shikamoo mjomba", akanyakua mzigo wa mama yake, na boda boda mbili zikatupeleka Wandegeya, mtaa unaopakana na lango la chuo. Juu ya paa na miti walikuwa wamesimama makaroli, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaoishi kwa takataka za jiji. Niliambiwa nisisimame chini yao, na sikuuliza kwa nini.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Mtanzania yeyote anayepita pale hukumbuka kwamba Mwalimu Nyerere alisoma hapo kati ya 1943 na 1945, na Benjamin Mkapa akahitimu mwaka 1962. Jengo kuu lililoungua Septemba 2020 limejengwa upya, na nililitazama kwa heshima inayostahili. Lakini mwaka ninaoutaka mimi kwa habari hii ni 1992, chuo kilipofungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia. Idadi ikapanda haraka, mabweni yakazidiwa, hosteli za watu binafsi zikaota Kikoni na Wandegeya, na maelfu ya vijana wakajikuta wanaishi vyumbani pasipo na jiko, hawana mama wa kuwapikia wala bwalo la kuwasubiri. Hapo ndipo mkaanga chapati alipopata kazi ya kudumu.

Kibanda tulichokwenda usiku ule kilikuwa na jiko la mkaa, kikaango bapa, kabati dogo la kioo lenye chapati, trei za mayai na ubao wa kukatia. Muuzaji alikuwa kijana mwembamba asiyeongea. Anavunja mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anatupia kitunguu, kabichi, nyanya na chumvi, anakoroga, anamwaga kwenye mafuta. Mayai yakianza kushikana anayalaza chapati juu, anageuza yote kwa pamoja, anapanga vipande vya nyanya mbichi, anaviringisha, anafunga kwa karatasi. Muda wa kazi yote hautoshi kumaliza salamu za Kihaya. Shilingi 3,000 za Uganda, na ukikumbuka kwamba fedha yao ni nyepesi kuliko yetu, bei si kubwa.

Nikaanza kazi niliyotumwa. Nilidhani nitapata jibu moja au mawili, kumbe nilikuwa nimegusa jambo ambalo wanafunzi wa Makerere hulibishania kwa bidii kuliko siasa. Kijana wa uhandisi alisema kabichi ni wizi: muuzaji anajaza majani ili usione mayai ni madogo. Binti wa sheria akamkatiza kwamba bila kabichi hiyo mtu anaweza kumaliza muhula mzima hajaona mboga. Mwingine hakujali kabichi, hoja yake ilikuwa nyanya. Nyanya ikiivishwa pamoja na mayai chapati inalowa. Ikiwekwa mbichi mwishoni inabaki na uhai. Huyo alivuka vibanda vitatu kila siku kwa ajili ya nyanya tu. Palikuwa na malalamiko ya mafuta, ya karatasi za magazeti zinazoacha wino kwenye unga, na la uzito zaidi kuliko yote, la mkono mmoja unaopokea noti na kushika donge. Mpwa wangu alinionyesha kibanda alichokihama kwa sababu hiyo, ingawa chapati zake, alikiri, ni laini kuliko zote mtaani.

Mwanafunzi kutoka Bushenyi, Mnyankole, ndiye aliyesema maneno ambayo dada yangu angeyapigia makofi. Kwake rolex si chakula, ni kitu cha kukufikisha kwenye chakula. Matoke, yaani ndizi za kupikwa, anayala Jumapili kwa shangazi yake Ntinda, na siku sita nyingine anavumilia. Pembeni yake alikuwa mwenzake anayekula kikomando, chapati iliyokatwakatwa na kumwagiwa maharage, naye akaapa kwamba hicho ndicho kinachoshikilia tumbo hadi asubuhi.

Nikawauliza kwa nini wamepanga foleni hapa ilhali kibanda cha pili hakina mtu. Nilitarajia habari za ladha. Jibu lilikuwa kwamba huyu anakopesha. Ana daftari. Ada ikichukua fedha yote, au mzazi akichelewa kutuma, anaandika jina na kukukaangia bila kukuaibisha mbele ya watu. Wanafunzi wa Mlimani kule Dar wanaosubiri bumu, yaani fedha ya mkopo, wataelewa haraka. Mama ntilie wengi wa Dar wameendesha vyuo kwa daftari kama lile, na hakuna mahafali yanayowataja.

Inasimuliwa Wandegeya kwamba waliouanzisha mchezo huu wa rolex ni wakaanga chapati kutoka Busoga, na mteja mmoja mwenye haraka aliyeomba mayai yafungwe ndani ya chapati. Inaweza kuwa kweli. Chapati yenyewe ilienea bara pamoja na Wahindi, hasa baada ya reli ya kutoka Mombasa iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kwa mikono ya vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India. Marekani wana hadithi inayofanana: Mwitaliano Giovanni Amato aliuza mikate kwa wafanyakazi wa bandari ya Portland, jimbo la Maine, mwanzoni mwa karne iliyopita, nao wakamwomba aipasue na kutia nyama, jibini na mboga. Leo mkate wa namna hiyo unauzwa katika kampasi nyingi za huko, na nina hakika wanafunzi wao wanagombania nyanya vilevile.

Ushahidi wa mkate wa Kitaliano niliupata kesho yake, maana mpwa wangu alitaka mjomba akae kwenye kiti. Tuliingia mgahawa mmoja wenye vioo, karibu na chuo, tukaletewa panini: mkate uliobanwa kwa mashine ya moto, ndani jibini na vipande vyembamba vya kuku. Ulikuwa mtamu, sitasema uongo. Ganda linakatika kwa sauti, jibini linavutika, sahani ni safi, na mhudumu ananawa mikono. Wateja wa meza za jirani waliusifu kwa mambo mengine kabisa: umeme wa kuchaji simu, intaneti, utulivu wa kusomea. Hakuna aliyetaja kushiba. Bei yake ingenunua rolex tano, na kabla ya saa sita tumbo lilishaanza kunidai.

Nilipompigia dada nilimweleza hivi. Mtoto anakula mayai kila siku, jambo ambalo nyumbani hatukuwahi kumfanyia. Mboga ni chache, mafuta ni mengi, na matunda hanunui mpaka aambiwe. Kibanda anachokula sasa nimekikagua: maji ya kunawa yapo, fedha inapokewa na mdogo wake muuzaji, na mayai yanavunjwa mbele ya mteja. Anadaiwa rolex nne kwenye daftari, nimezilipa. Dada alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ndizi mbichi zinaweza kuvushwa Murongo.

Hukumu yangu mwenyewe ni kwamba rolex ya Wandegeya inazidi chipsi mayai yetu, na sisemi hivyo kwa furaha. Zege, kama tunavyoiita chipsi mayai, hukaangwa ikalala kwenye mafuta hadi viazi vikate tamaa. Rolex ina kitu kibichi ndani yake, na unaweza kuila ukitembea kwenda darasani bila kijiti wala sahani. Inachoshindwa ni ndizi na maharage ya jioni, lakini hiyo ni mechi ambayo hakuna chakula cha barabarani kinachoishinda huku kwetu.

Ewe Mkyerwa unayefikiria kwenda, badili fedha mpakani kiasi cha nauli tu na nyingine ubadilishe mjini, beba hati ya kusafiria, na usione haya kusema Kinyambo mpaka Mbarara. Ukifika Wandegeya nenda saa moja jioni, kabla foleni haijakua. Agiza mayai mawili na chapati moja, useme mapema kama hutaki kabichi, na umwombe nyanya aziweke mwisho.