Tiba ya Viungo Huanza kwa Swali

Huenda mwanao anasomea tiba ya viungo. Chuoni atafunzwa mifupa, misuli na mishipa. Je, nani atamfunza kusikiliza?

Shangazi yangu wa Navakholo, Kakamega, alipopooza upande mmoja kwa kiharusi, aliagizwa kupanda na kushuka ngazi kila siku. Kwake hakuna ngazi. Kuna mafiga, kigoda na kijia kati ya miwa. Akaacha mazoezi. Baadaye mwanafunzi mmoja alimwuliza, "Mama, ungependa kufanya nini tena?" Akajibu, "Kuketi kigodani, nisonge ugali, niinuke bila kushikwa." Wakaanzia hapo.

Mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliidhinisha mfumo wa kutazama ulemavu si kwa mwili tu, bali pia kwa shughuli za mtu na nafasi yake kati ya wenzake. Hayo hayaonekani katika mchoro wa mifupa. Hupatikana katika fasihi, historia, na daftari la jioni: leo nimemsikiliza nani?

Mzazi, usimpokonye mwanao riwaya eti anasomea utabibu. Huenda ndiyo itakayomfunza kuuliza.